Mimi Ndiye Niliyewaambia Habari ya Tipoyi

Msinitafutie sababu. Watu wa huku wakikosa husema ni vita, ni njaa, ni serikali, ni shetani. Mimi shetani simsingizii. Ni mdomo wangu mwenyewe, huu ninaolia maharage, ndio uliotenda.

Jina langu siandiki, kijiji changu sikitaji, na majina ya wengine nimeyageuza. Jueni tu kwamba niko kwenye milima ya Masisi, upande wa Kibabi, kule ambako ukitaka hospitali unateremka kwa miguu mpaka Kirotshe kando ya ziwa. Ni mjane, nimezeeka, na magoti yanalia nikipanda. Mwanangu wa mwisho anachimba madini huko Walikale, na yeye hajui haya ninayoyaandika. Akijua, atanikana. Asipojua, mimi naoza nikiwa hai. Basi nawaambia ninyi nisiowajua, maana kwa ninaowajua nimeshindwa.

Nirudi nyuma kidogo, mpaka wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire.

Wakati ule chama kilikuwa kimoja, na ulizaliwa ndani yake. Hakuna aliyekuuliza. Hata mtoto aliye tumboni alihesabiwa kuwa mwanachama! Wakubwa walisema chama chetu si cha kushoto wala cha kulia. Lakini ilijulikana kwamba rais alitembelea nchi za wakomunisti huko mbali, akaona maelfu ya watu wakicheza kwa mstari mmoja na kufanya kazi kwa pamoja, akapendezwa, akatuletea. Kucheza kuliitwa animasyo. Kazi ya pamoja iliitwa salongo, na ilikuwa kila Jumamosi, ya lazima, bila malipo.

Jina langu la ubatizo walilifuta, nikachukua la mababu. Wanawake tukakatazwa suruali. Hilo halikuniuma hata kidogo, kwa kuwa suruali sikuwa nayo. Nikapewa kikwembe chenye sura ya rais, uso mmoja kifuani na mwingine, mtanisamehe, makalioni, nikaambiwa nicheze mbele ya wageni. Na nilicheza! Nilikuwa mzuri, jamani. Acha nijisemee mwenyewe, kwa sababu walioniona wakati ule wamebaki wachache. Kiuno changu kilijulikana mpaka Sake.

Kwa vile nilikuwa na sauti, wakanipa na kazi ya kuwatoa wamama waende salongo. Asubuhi nilipita mlango kwa mlango nikiimba. Asiyetoka, niliingia kumtoa.

Hapo ndipo nilipojifunza uongo wote wa mtu anayekimbia kazi. Huyu amefunga mto tumboni anasema ana mimba. Yule amejifunga kitambaa mguuni amekipaka damu ya kuku. Nilikuwa nawakamata, tunacheka, wanachukua jembe wanakuja.

Lakini uongo mkubwa kuliko wote ulikuwa wa tipoyi. Asiyejua milima yetu, tipoyi ni machela ya miti miwili na blanketi, ndiyo ambulansi yetu mpaka leo. Mlima ni mkali, kwa hiyo wanaume wengi wanahitajika wapokezane. Na sheria ya zamani ilisema salongo haimgusi mgonjwa wala wanaombeba. Mnaona sasa? Mgonjwa mmoja anaokoa kundi zima!

Kulikuwa na mama mmoja mnene, mke wa katekista, ambaye Jumamosi zilimchukia sana. Kila mara tumbo linamkata, anabebwa, anapita mbele yetu anaugua mpaka unamhurumia. Siku moja nikawafuata kwa nyuma. Baada ya kona ya kwanza nikamkuta mgonjwa wangu anatembea, tena ndiye aliyebeba miti ya tipoyi begani, na wanaume wanamfuata mikono mitupu! Walikuwa wanateremka ziwani kula sambaza, vile visamaki vyetu, na kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Jioni angerudi amelala juu, "amepona".

Nilimshtaki kwa chifu. Chifu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Adhabu yake ilikuwa acheze mbele ya kijiji na unene wake ule, basi, mambo yakaisha.

Chifu yule alikuwa mjomba wake. Sehemu hiyo ya hadithi niliisahau, na nitairudia hapa chini kwa machozi.

Zaire ikafa. Ilianza kuugua mapema. Pesa zikawa za kufungia karanga, askari wasiolipwa wakawa wanachukua mbuzi, na mkubwa mmoja wa chama aliyepewa shamba la mzungu kule juu akala ng'ombe wote, akauza mpaka mabati. Halafu vita vikaja vikipita, rais akakimbia, na asubuhi moja redio ikatuambia nchi ina jina lingine. Chama tulichozaliwa ndani yake hakikupata hata kilio. Mimi kile kikwembe nilikikata nikamfungia kama nepi mwanangu wa mwisho, ambaye alikuwa mchanga. Uso wa rais uliona mambo!

Nilidhani sasa tutapumzika. Lo! Kilichofuata mnakijua. Kila kilima bunduki yake, kila msimu wakubwa wapya. Tulikimbilia Sake, tukarudi, tukakimbia tena, tukarudi tukakuta maharage yamevunwa na wengine. Barabara ikaota majani. Daraja likabebwa na maji, hakuna aliyeuliza limeenda wapi.

Nikaanza kusifu. Kila kitu kibaya nilichokiona, nilisema wakati wa Zaire hakikuwepo. Tope? Wakati wa Zaire tulikuwa tunapiga salongo. Panya? Wakati wa Zaire! Vijana walinichoka.

"Mama, Zaire ilishakufa, uiache ipumzike," walikuwa wananiambia.

Aliyenivumilia alikuwa Mapendo peke yake. Mapendo ni mke wa mwanangu huyo wa Walikale. Alimwoa huko huko msituni, akamleta kwangu, akarudi kazini. Msichana wa watu alipofika alishangaa milima yetu haina miti. "Mama, huku mutu anajifichaka wapi?" aliniuliza. Baba yake mwindaji, mama yake mbali safari ya siku nyingi. Kwa hiyo mama yake huku nilikuwa mimi. Tulilala nyumba moja, tukala sahani moja. Jioni ananikanda magoti, mimi namsimulia habari za kiuno changu, yeye anacheka. Nimezaa wana wa kiume tu. Mungu aliponipa Mapendo nilisema sasa nimezaa binti pia.

Kisha alishika mimba, ya kwanza. Nilitembea kijiji kizima kama vile nimeishika mimi!

Ni wakati huo ambapo hawa waliopo sasa walipanda kilimani kwetu. Siwataji. Waliwakuta waliokuwepo wakawafukuza, kama na wale walivyowafukuza wengine. Wakatuita wote kwenye uwanja wa shule. Komanda wao akasimama, mtu mtulivu, sauti ya chini, buti safi. Akasema kuanzia sasa kila Jumamosi ni salongo.

Watu wote waliangalia miguu yao. Mimi nikapiga vigelegele!

Ndiyo, mimi. Niliposikia neno lile, salongo, damu yangu ilirudi ujana. Nikasimama katikati ya watu, nikaanza wimbo wa zamani, nikageuza maneno hapa na pale nikamsifu mgeni. Na kiuno, kwa uzee wangu wote, nikakitikisa.

Mapendo alinivuta kikwembe nikae. "Ikala, Mama. Batu banakuangalia."

Kweli walikuwa wananiangalia. Mimi nikaona ni kwa sifa.

Komanda alinifuata baada ya mkutano. "Mama, mutu kama weye njo tulikuwa tunatafuta. Utakuwa responsabule ya salongo."

Miaka mingapi nilikuwa bibi kizee wa kuchekwa! Leo nimeitwa responsabule, msimamizi mzima. Sikulala vizuri kwa furaha.

Na niwaambie ukweli wote, majuma ya kwanza yalikuwa mazuri. Tulifyeka njia ya kisima. Tukaweka magogo pale daraja lilipokuwa. Hata walionichukia walipita juu ya magogo yale na magunia yao. Nikamwambia Mapendo, unaona? Akaniambia, "Naona, Mama. Lakini ile bunduki nayo naiona."

Baadaye kazi zikabadilika. Tukaambiwa tubebe kuni na mawe mpaka kwenye kambi yao juu. Tukaambiwa tuchimbe mitaro ambayo si ya maji. Jumamosi ikazaa Jumatano. Asiyekuja alilala kwenye shimo lao, akitoka huko haelezi. Niliona. Nilimwona mzee wa rika langu akitambaa kutoka shimoni, na Jumamosi iliyofuata nilipita mlangoni kwake nikiimba! Nilijiambia ni lazima, kazi ni kazi, hata zamani kulikuwa na viboko. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Watu wakaanza kupungua. Siku moja Komanda akaniita kambini kwake, akanipa chai ya maziwa, akaniuliza mbona watu wanapungua wakati mimi ndiye mwenye kazi. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini. Niliogopa, siwezi kukataa. Lakini si woga ulionisemesha. Kama ni woga ningejisamehe kidogo.

Nilisema kwa kutaka sifa! Nilitaka ajue kwamba mimi si wa jana. Nikamwambia, "Komanda, hawa batu banizunguke miye? Mama zabo njo nilikuwa nakamata!" Nikaanza kumpa uongo wa zamani mmoja mmoja, mto wa tumboni, damu ya kuku. Akatabasamu. Nilipoona anatabasamu nikampa ile tamu niliyoiweka mwisho. Nikainuka, nikaigiza mwendo wa yule mke wa katekista, miti begani, na wanaume nyuma mikono mitupu.

Komanda alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka. Tulicheka wote wawili kama ndugu.

Halafu akageuka kwa askari wake wa kizuizi cha njia ya ziwani. "Kuanzia leo, siku ya salongo, tipoyi haipite ku bariyeri."

Mungu wangu, na mimi niliendelea kucheka! Nilidhani anatania. Nikamaliza chai yangu nikateremka nyumbani, na Mapendo aliponiuliza Komanda alisema nini, nikamjibu, tulikuwa tunazungumza tu.

Ningerudi siku ileile nikamsihi afute! Ningewaambia wanaume wa kijiji! Sikufanya. Nilisema moyoni, nani ataumwa hasa siku ya Jumamosi.

Uchungu ulimshika Mapendo Jumamosi, alfajiri.

Mkunga wa kijiji alikuja, akampapasa tumbo, uso ukambadilika. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Baada ya muda mkono ukatangulia kutoka, mkono mdogo, umefunga ngumi. Mkunga akanivuta nje. "Iyi haiko ya kwangu. Kirotshe, mbio."

Papa Bahati, jirani yetu, akakusanya wanaume. Walikuwa wameshika majembe tayari kupanda salongo, wakayatupa. Blanketi langu ndilo lililofungwa kwenye miti. Tukateremka nusu tunakimbia, mimi nyuma nimeshika kikapu cha nguo za mtoto. Mapendo hakupiga kelele. Watu wa kwao hawapigi kelele kwenye uzazi. Alikuwa anauma pindo la blanketi.

Kwenye bariyeri askari alisimama katikati ya njia.

"Leo ni salongo. Tipoyi haipite."

"Muke anakufa!" Papa Bahati akasema. "Angalia damu iyi!"

"Bote banasemaka vile. Murudi ku kazi."

Wakabishana. Nikapita katikati yao, nikajitokeza mbele kwa kujiamini. Si mimi ni responsabule? Nikamwambia, kijana wangu, unanijua, huyu ni mke wa mtoto wangu, tupishe.

Askari aliniangalia, nadhani hata alinihurumia. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mama, si ni weye mwenyewe uliambia Komanda? Ulisema banabebaka mutu muzima, banaenda kula sambaza. Njo maana alikataza."

Papa Bahati aligeuka akaniangalia. Wanaume wote waliokuwa chini ya ile miti waligeuka. Na juu ya tipoyi, Mapendo alifungua macho.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikafunua blanketi ili askari aone, nikamvua mwanangu heshima yake mbele ya wanaume, Mungu anisamehe. Askari akageuza uso. Alisema amri si yake, nimlete Komanda.

Komanda alikuwa juu kwenye mitaro. Nikapanda ule mlima, na magoti haya haya. Nilianguka mara nyingi. Juu niliwakuta wamama wangu wanachimba, wakaona mikono yangu na kikwembe changu vina damu, wakaacha majembe. Nikamwangukia Komanda miguuni.

Hakunisukuma. Laiti angenisukuma! Alitabasamu.

"Mama, weye njo mwalimu wangu. Weye njo ulinifundisha nisibaamini. Leo unakuya na mucezo ileile?"

Nikamwonyesha mikono. Akasema ni damu ya kuku.

Nililia, nikaapa kwa majina yote niliyonayo, la ubatizo na la chama. Wamama wakaja wakapiga magoti nyuma yangu, wote, hata wale niliowatoa majumbani kwao kwa nguvu. Jua lilikuwa limekwisha kupanda sana alipochoka nasi akamtuma mtu mmoja ateremke kusema wapite.

Kirotshe walimpokea mbio, walifanya walichoweza. Walimwokoa Mapendo. Mtoto alikuwa wa kike, mzima wa viungo vyote, nywele nyingi, lakini alikuwa amekwisha kukata roho njiani. Na kizazi cha mama yake ilibidi kitolewe ili mama abaki.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu nilimzika, majuto yakabaki nyumbani.

Sasa ndiyo nairudia ile sehemu niliyoisahau. Zamani tulicheka kwa sababu aliyeshika sheria alikuwa mjomba wa aliyeivunja. Alimjua mnene wetu, alijua uongo wake na alijua maumivu yake ya kweli. Viboko vilikuwepo, siwadanganyi, wengine viliwalemaza, na mimi niliimba juu yao pia. Lakini ile hadithi ilikuwa ya kwetu, ya kuchekea ndani ya nyumba. Niliitoa nje nikampa mtu asiye na shangazi hata mmoja katika kilima kizima. Zamani niliyokuwa naisifu, hata mimi mwenyewe sikuijua!

Mapendo aliporudi nyumbani nilimngoja anitukane. Nilijitayarisha. Alichukua ungo akachambua maharage. Jioni akaleta maji ya moto, akanikanda magoti kama kawaida. Nikasema, Mapendo, mwanangu, siku ile kule bariyeri... Akasema, "Maji iko inapoa, Mama."

Nilikwenda kwa Komanda kuacha kazi. Akaniambia, "Salongo haiko na demisyo." Nikasema basi nitaondoka nimfuate mwanangu Walikale. Akasema nikiondoka, Mapendo atajibu kwa niaba yangu. Mapendo naye alipoomba ruhusa ya kwenda kwa mume wake, akajibiwa kwamba yeye akienda, mimi nitakimbia. Basi amenifunga kwa Mapendo na Mapendo amemfunga kwangu.

Amri ya tipoyi nilimsihi aifute. Alifikiri kidogo akasema haifuti, ila kuanzia sasa mimi ndiye nitakayekaa bariyeri siku za salongo kuwakagua wagonjwa, kwa kuwa ninaujua uongo. Mnaona mtego huo? Nikikataa, anayefuata atakufa pale. Nikikubali, ndiye mimi ninayefunua mablanketi ya watu. Nimekubali. Nafunua, nasema mgonjwa, wapite. Wote nasema ni wagonjwa. Siku watakayompata mmoja aliye mzima, nitaingia shimoni, na nadhani nitaingia bila kulia.

Wanaobeba wanapita bila kuniangalia. Papa Bahati ananisalimia "Mama" na kuishia hapo. Hakuna anayenitukana! Wananiogopa kwa sababu ya Komanda. Mtu akikosa huku hupigiwa kelele, analipa mbuzi, wanakunywa pamoja, yanaisha. Mimi nani atanidai mbuzi? Nimenyimwa hata hasira yao.

Na mwanangu? Kwenye simu tulimwambia mtoto alifia njiani, basi. Majuzi alikuja. Alitembea kutoka Walikale, amekonda, amembebea mke wake nyama kavu ya kwao na mimi asali. Alikwenda kusimama kwenye kaburi. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, Mapendo anasonga ugali, mimi nasafisha sombe, majani ya muhogo. Akasema:

"Ku njia baliniambia mambo. Balisema tipoyi ilizuiliwa sababu mutu wa kwetu aliambia bale batu maneno. Nikauliza nani, bote bakanyamaza. Mama, ni nani?"

Nikafungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo ili niseme. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukutoa kitu, mdomo huu uliosema mpaka ukaua!

Mapendo ndiye aliyejibu. Hakugeuka. Aliendelea kusonga ugali.

"Alikuwa mumama mumoja muzee," akasema. "Alishakufa."

Mwanangu alisogeza kigoda karibu nami. Kisha akasema, "Mungu amuhukumu huko aliko." Akanyoosha mkono akaushika wangu, wenye majani ya sombe, akasema, "Aksanti, Mama, kwa kumuchunga muke wangu."

Akakaa siku chache, akarudi machimboni. Mapendo hakumwambia, na hatamwambia, najua. Sijui kama alinificha kwa huruma au kama alisema tu anachokiona kila siku mbele yake. Nimeogopa kumuuliza. Anaendelea kuniita Mama, na chakula ananipa cha kwanza.

Basi ndugu zangu, na hasa ninyi wenzangu wazee wa wakati ule, nawasihi. Najua mambo ya leo yanaumiza, na ujana ni mtamu kuukumbuka. Ukumbukeni mkiwa jikoni. Msimpe mtu mwenye bunduki hata wimbo mmoja wa kwenu, hata kichekesho kimoja. Yeye hacheki kama ninyi. Atacheka pamoja nawe, afute macho, kisha atatengeneza sheria. Na mkisikia neno la zamani limerudi, msipige vigelegele. Angalieni kwanza ni nani aliyelileta na amesimama na nini mkononi.

Barua hii nampa mtu anayeteremka Sake. Leo ni Ijumaa, kesho salongo. Mapendo amekaa mlangoni na jiwe, ananoa majembe mawili, lake na langu, ingawa langu bariyeri halina kazi.